Ufikivu wa Tovuti na Huduma za Kidijitali kwa Watu Wenye Ulemavu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wale wanaotengeneza tovuti na programu za simu, wale wanaoziagiza na kuzilipia, na wale wanaoziwekea habari kila siku. Maswali mengi nimeulizwa mwenyewe katika kazi ya kukagua tovuti. Baadhi yake jibu lake ni fupi, na mengine yanahitaji maelezo marefu kwa sababu ndipo watu wengi wanapokwama.

## Ufikivu wa tovuti maana yake nini hasa?

Ni hali ya tovuti, programu ya simu au huduma yoyote ya kidijitali kuweza kutumiwa na mtu mwenye ulemavu kwa kujitegemea, kwa faragha ile ile anayoipata mtu mwingine, na bila kuchukua muda mrefu kupita kiasi. Ninataja kujitegemea na faragha kwa makusudi. Mtu asiyeona anayelazimika kumpa jirani simu yake pamoja na namba ya siri ili amsomee salio amepata huduma, lakini siri yake imeshatoka mikononi mwake.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa tarehe 13 Desemba 2006, unaueleza ulemavu kuwa ni jambo linalotokana na mtu kukutana na vizuizi vya mitazamo na vya mazingira vinavyomnyima nafasi ya kushiriki sawa na wenzake. Katika kazi hii maelezo hayo yana maana ya moja kwa moja: kizuizi kimo ndani ya ukurasa, kimewekwa na mtu, mara nyingi bila kukusudia, na mtu huyo huyo anaweza kukiondoa.

## Ni watu gani wanaohusika, na wanatumiaje intaneti?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 1.3, yaani mtu 1 kati ya kila 6 duniani, wana ulemavu mkubwa wa aina moja au nyingine. Wamo wasioona na wenye uoni hafifu, viziwi na wenye usikivu hafifu, wenye mikono isiyoweza kushika kipanya au kugusa skrini kwa uhakika, wenye kifafa, na wenye ugumu wa kusoma, kukumbuka au kutulia kwenye jambo moja. Wapo pia ambao hali yao ni ya muda, kama aliyevunjika mkono, na wazee ambao uoni na usikivu wao unapungua kidogo kidogo bila wao kujiita walemavu.

Njia wanazotumia ni nyingi. Asiyeona hutumia kisoma skrini, yaani programu inayotamka yaliyomo kwenye skrini au kuyapeleka kwenye kifaa cha nukta nundu kinachosomwa kwa vidole. Zinazojulikana zaidi ni JAWS na NVDA kwenye Windows, VoiceOver kwenye vifaa vya Apple na TalkBack kwenye Android. NVDA, iliyoanzishwa na Michael Curran mwaka 2006 huko Australia, hutolewa bure. Mwenye uoni hafifu hukuza maandishi mara mbili, tatu au nne. Asiyeweza kutumia mikono huamrisha kompyuta kwa sauti, au hutumia swichi moja anayoibonyeza kwa kichwa au kwa mguu.

Inasaidia sana kuona jambo hili kwa karibu. Mwenzangu mmoja asiyeona huweka kisoma skrini chake katika kasi ambayo masikio yangu hayawezi kuifuata. Akifungua ukurasa hausomi tangu juu hadi chini. Hubonyeza herufi H ili aruke kutoka kichwa kimoja cha habari hadi kingine, na herufi B ili aruke kutoka kitufe hadi kitufe, kama vile mwenye macho anavyopitisha jicho haraka kutafuta anachokitaka. Siku moja nilikaa kando yake akijaribu kulipia bidhaa mtandaoni. Kila alipobonyeza B alisikia neno moja tu: «kitufe». Akabonyeza tena: «kitufe». Vilikuwa sita, kila kimoja kimechorwa picha ndogo, kikapu, pipa la taka, kadi ya benki, na hakuna hata kimoja kilichopewa jina. Alijaribu cha tatu, na orodha yote aliyokuwa ameichagua kwa dakika 20 ikafutika. Kuviandikia vitufe hivyo majina kungechukua muda mfupi kuliko ule alioupoteza yeye peke yake siku hiyo.

## Kuna viwango gani vya kufuata?

Kiwango kinachotumika duniani kote ni Mwongozo wa Ufikivu wa Maudhui ya Wavuti, unaojulikana kwa kifupi kama WCAG. Unatolewa na W3C, jumuiya ya viwango vya wavuti iliyoanzishwa na Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, mwaka 1994, kupitia mpango wake wa ufikivu ulioanza mwaka 1997. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1999, toleo la 2.0 mwaka 2008, la 2.1 mwaka 2018, na la 2.2 tarehe 5 Oktoba 2023. Anayeanza kazi leo afuate la 2.2, limejengwa juu ya yale yaliyotangulia.

Mwongozo huo umesimama juu ya misingi minne: maudhui yaweze kutambulika kwa hisi alizonazo mtumiaji, yaweze kuendeshwa kwa njia anazozimudu, yaeleweke, na yawe imara kiasi cha kusomeka na vivinjari na vifaa saidizi vya namna mbalimbali. Kila sharti limepewa ngazi ya A, AA au AAA. Sheria na mikataba mingi huitaka ngazi ya AA, ambayo ndani yake masharti yote ya A yamo. Ngazi ya AAA haitarajiwi kutimizwa na tovuti nzima, ingawa yapo masharti yake ambayo inafaa kuyachukua pale yanapowezekana.

## Je, tunalazimika kisheria?

Inategemea nchi na aina ya huduma, kwa hiyo mwulize mwanasheria wa mahali ulipo. Hata hivyo, Mkataba wa Umoja wa Mataifa nilioutaja umeridhiwa na zaidi ya nchi 180, na Kifungu chake cha 9 kinazitaka nchi hizo zihakikishe ufikivu wa habari na mawasiliano, intaneti ikiwemo. Katika Umoja wa Ulaya, tovuti za taasisi za umma zinabanwa na agizo la mwaka 2016, na tangu tarehe 28 Juni 2025 sheria nyingine inazihusu huduma za kibiashara kama vile maduka ya mtandaoni, benki na vitabu vya kielektroniki. Kampuni iliyo nje ya Ulaya inayowauzia wateja walioko huko nayo haina budi kuizingatia.

Kesi zimekuwepo tangu zamani. Mwaka 1999 Bruce Maguire, raia wa Australia asiyeona, aliilalamikia kamati iliyoandaa Michezo ya Olimpiki ya Sydney kwa sababu tovuti yake haikuwa na maelezo ya picha na jedwali za matokeo hazikuweza kusomwa. Kamati ilijitetea kwamba marekebisho yangekuwa mzigo usiobebeka. Tume ya haki za binadamu ya nchi hiyo haikukubali utetezi huo, na mwaka 2000 kamati iliamriwa imlipe dola 20,000 za Australia. Utetezi ule ule bado ninausikia, na bado hutolewa na watu ambao hawajakaa hata saa moja kuhesabu kazi yenyewe.

## Tovuti yetu ina makosa mengi. Tuanzie wapi?

Anzeni na yale yanayojirudia. Shirika la WebAIM hukagua kila mwaka kurasa za mwanzo za tovuti milioni 1 zinazotembelewa zaidi, na mwaka 2025 lilikuta makosa yanayoweza kugunduliwa na kompyuta katika asilimia 94.8 ya kurasa hizo. Jambo la kutia moyo ni kwamba sehemu kubwa kabisa ya makosa hayo ni ya aina sita tu: maandishi yaliyofifia, picha zisizo na maelezo, visanduku vya fomu visivyo na lebo, viungo vitupu, vitufe vitupu, na ukurasa usiotaja lugha yake. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mtaalamu wa hali ya juu.

Baada ya hapo, chagueni safari muhimu za mtumiaji, si kurasa. Kama huduma yenu ni ya kuomba cheti, hakikisheni kwamba mtu anaweza kwenda tangu kuingia hadi kupokea risiti bila kukwama. Kurasa 99 zilizo safi hazina faida kwa mtu aliyezuiwa na ukurasa wa 100, kama huo ndio wenye kitufe cha kutuma.

## Maelezo ya picha yaandikweje?

Yaandikwe kwa kuzingatia kazi ya picha mahali ilipo. Picha ya mlango wa jengo katika makala ya usanifu itaelezwa umbo lake, lakini picha hiyo hiyo katika ukurasa wa «Namna ya kufika» inapaswa kueleza kwamba mlango wa wageni uko upande wa kushoto na una njia ya mteremko kwa viti vya magurudumu. Usianze na maneno «picha ya», kwa sababu kisoma skrini kimeshasema kwamba ni picha. Kama picha ni kiungo, andika kinakopeleka. Kama ni chati, taja jambo kuu linaloonyeshwa, kisha weka takwimu zake katika jedwali au aya iliyo jirani.

Picha ya mapambo tu iachwe na sifa ya alt, yaani mahali pa maelezo ya picha ndani ya msimbo, ikiwa tupu, alt="", ili kisoma skrini kiiruke. Kuiacha bila sifa hiyo kabisa ni kosa tofauti: baadhi ya visoma skrini vitatamka jina la faili, na msikilizaji atalazimika kuvumilia mfululizo wa herufi na tarakimu usio na maana.

Tahadhari moja inahusu matangazo. Taasisi nyingi siku hizi hutoa taarifa zake kama picha ya bango au ya barua iliyopigwa muhuri. Kwa asiyeona, taarifa hiyo haijatolewa. Maandishi yote yaliyomo ndani ya bango yawekwe pia kama maandishi ya kawaida kando yake.

## Rangi zina masharti gani?

Maandishi ya kawaida yawe na uwiano wa utofauti, yaani tofauti ya mwangaza kati ya rangi mbili, usiopungua 4.5:1 dhidi ya mandharinyuma yake, na maandishi makubwa yasipungue 3:1. Nyeusi juu ya nyeupe hufikia 21:1, kwa hiyo nafasi ya kuchagua ni kubwa. Mpaka wenyewe ni mwembamba kuliko jicho linavyodhani: juu ya nyeupe, kijivu cha #767676 kinapita kwa 4.54:1, ilhali #777777 kinaanguka kwa 4.48:1. Ndiyo maana haifai kukadiria kwa macho. Pimeni kwa kikokotoo, na mpime pia maandishi ya kidokezo ndani ya visanduku na mistari ya mipaka ya visanduku vyenyewe, ambayo nayo inahitaji 3:1.

Rangi isiwe ndiyo njia pekee ya kutoa habari. Mstari mwekundu kuzunguka kisanduku hautamsaidia asiyetofautisha nyekundu na kijani. Ongezeni maneno au alama.

## Kwa nini kibodi inasisitizwa sana, wakati watu wengi wanatumia simu?

Kwa sababu vifaa saidizi vingi, swichi na visoma skrini vikiwemo, hupita kwenye njia zile zile ambazo kibodi hupita. Kitu kisichofikiwa kwa kibodi, kwa kawaida hakifikiwi na vifaa hivyo pia.

Jaribio lake ni rahisi na halihitaji kununua chochote. Weka kipanya kando, fungua ukurasa, kisha bonyeza Tab mara kwa mara. Kila mara unapaswa kuona wazi uko wapi, mpangilio ufuate mantiki ya ukurasa, Enter ifungue viungo, na vitufe viitikie Enter na kitufe cha nafasi, huku dirisha dogo lililofunguka likifungika kwa Esc na kukurudisha mahali ulipokuwa. Katika tovuti nyingi ninazokagua jaribio hufeli ndani ya sekunde chache, na sababu huwa ni mbili. Ya kwanza ni msanifu kuiondoa ile fremu inayozunguka kitu kilichochaguliwa kwa kuandika outline: none, kwa sababu ameiona haipendezi, bila kuweka nyingine badala yake. Ya pili ni mtengenezaji kutumia div, yaani kisanduku cha kawaida kisicho na kazi maalumu, kilichopakwa rangi ili kionekane kama kitufe. Kitufe halisi cha HTML (lugha inayotumika kuandikia kurasa za wavuti), yaani button, hupokea kibodi, hujitambulisha kwa kisoma skrini na huitikia Enter bila kuongezewa chochote. Ile div haina hata kimoja kati ya hayo, na mtengenezaji atalazimika kuyajenga upya moja baada ya jingine, na kwa kawaida atasahau mojawapo.

Sifa za ARIA, yaani maelezo ya ziada yanayowekwa kwenye msimbo kwa ajili ya vifaa saidizi, zinaweza kusaidia katika mambo ambayo HTML haina, lakini zikitumiwa vibaya huleta madhara, kwa kuwa humwahidi mtumiaji jambo ambalo halipo. Tumieni HTML ya kawaida kwanza.

Kwenye simu, ukubwa wa vitu vya kugusa una uzito mkubwa. WCAG 2.2 inataka eneo la pikseli 24 kwa 24 au nafasi ya kutosha kati ya vitu. Mimi napendekeza 44 kwa 44, ambayo ni sharti la ngazi ya AAA, kwa sababu mkono unaotetemeka hauna subira na pikseli 24.

## Fomu ina ugumu gani? Si visanduku tu?

Fomu ndiyo sehemu inayowarudisha watu wengi nyumbani mikono mitupu, kwa hiyo nitaijibu kwa kirefu.

Kila kisanduku kiwe na lebo ya kudumu inayoonekana, iliyounganishwa nacho katika msimbo. Maandishi ya kidokezo yanayotoweka mara mtu anapoanza kuandika si lebo. Mwenye kumbukumbu dhaifu atasahau alichoulizwa, na mwenye kukuza skrini mara nne huenda asikione kabisa. Muundo unaotakiwa, kwa mfano siku, mwezi na mwaka, uelezwe kabla ya kisanduku, usisubiri mtu akosee.

Fikiria kinachotokea baada ya kubonyeza «Tuma». Mwenye macho huona visanduku viwili vimegeuka vyekundu. Asiyeona husikia kimya. Hajui kama fomu imepokelewa, kama mtandao umekatika, au kama amekosea mahali fulani kati ya visanduku 18. Atabonyeza tena, na tena, kisha ataondoka. Dawa yake ni kuipeleka sauti ya kisoma skrini kwenye ujumbe unaosema makosa ni mangapi na yako wapi, na kila kosa lielezwe kwa maneno kando ya kisanduku chake: «Namba ya simu ina tarakimu 8, inahitajika iwe na tarakimu 10» inamfaa kila mtu kuliko «Taarifa si sahihi». Aliyoyajaza kwa usahihi yabaki. Kumfutia mtu kazi yote kwa sababu ya kosa moja ni ukatili hata kwa mwenye mikono mizima, na kwa anayeandika herufi moja kila sekunde tano ni kumwambia asirudi.

Jina linaloonekana kwenye kitufe lifanane na jina lililomo ndani ya msimbo. Mtu anayeamrisha kwa sauti akiona neno «Tuma» atasema «bofya Tuma». Iwapo ndani ya msimbo kitufe kimepewa jina «Wasilisha», kompyuta haitamwelewa, naye hatakuwa na njia ya kujua kwa nini. Pia msimwulize mtu tena jambo alilokwisha kulijaza katika hatua iliyotangulia. Kuanzia WCAG 2.2 hilo nalo ni sharti.

## Tovuti yetu ni ya Kiswahili. Kuna jambo la pekee la kuzingatia?

Lipo, na husahaulika mno. Mwanzoni mwa msimbo wa ukurasa kuna mahali pa kutaja lugha. Violezo vingi huja vikiwa vimeandikwa lang="en", na watu huvitumia hivyo hivyo. Kisoma skrini kikikuta hivyo huchukua sauti ya Kiingereza na kuusoma ukurasa mzima wa Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza. Neno «pole» linakuwa na silabi moja, «wake» halitambuliki, na sentensi ndefu inageuka kuwa kelele. Kwa mwenzangu niliyemtaja, kurasa za namna hiyo ni za kufungwa mara moja, hata kama zimeandikwa kwa ufasaha mkubwa.

Rekebisho ni herufi mbili: lang="sw". Pale ambapo aya au nukuu ni ya lugha nyingine, ipewe alama yake ndani ya ukurasa huo huo. Sauti ya Kiswahili ipo katika eSpeak NG, kitamkaji cha bure kinachokuja ndani ya NVDA, kwa hiyo anayetumia programu hiyo hana haja ya kununua kitu kingine.

Jambo la pili ni lugha yenyewe. Andikeni Kiswahili kinachoeleweka, na pale neno la kitaalamu linapohitajika, lielezwe mara ya kwanza linapotumika. Viziwi wengi wana lugha ya alama kama lugha yao ya kwanza, na Kiswahili cha maandishi kwao ni lugha ya pili; sentensi yenye virai vitano vilivyopandana inawachosha bure.

## Video na sauti zinahitaji nini?

Video iliyorekodiwa iwe na manukuu yaliyosawazishwa na sauti, na manukuu hayo yataje pia milio yenye maana, kama vile king'ora au mlango kugongwa, na amtaje anayezungumza pale asipoonekana. Manukuu yanayotengenezwa na kompyuta ni mahali pa kuanzia tu; majina ya watu, namba na maneno ya kukanusha huharibika kwa urahisi, na neno moja la kukanusha likipotea katika maelezo ya kipimo cha dawa, madhara yake ni makubwa. Kwa wasioona, mambo yanayoonyeshwa bila kutamkwa yaelezwe kwa sauti. Njia nyepesi ni kumzoeza mzungumzaji aseme anachokionyesha badala ya kusema «kama mnavyoona hapa».

Tafsiri ya lugha ya alama iko katika ngazi ya AAA, lakini kwa taarifa za dharura, afya na uchaguzi sioni sababu ya kuikosa. Sauti isianze yenyewe ukurasa unapofunguka, maana hukifunika kisoma skrini cha mtu anayejaribu kutafuta kitufe cha kuizima. Hakuna kitu kinachopaswa kumetameta zaidi ya mara tatu kwa sekunde moja, kwa kuwa kinaweza kuamsha kifafa kwa mwenye nacho.

## Tunachapisha hati nyingi za PDF. Zinatosha?

PDF iliyotokana na kupiga picha karatasi ni picha tu, haina maandishi ya kusomwa na kisoma skrini. Ile iliyotengenezwa vizuri, yenye vichwa vya habari, mpangilio sahihi wa kusoma na maelezo ya picha, inasomeka, na ipo hata kiwango chake cha kimataifa kiitwacho PDF/UA. Lakini kama habari inaweza kuwekwa katika ukurasa wa kawaida wa wavuti, iwekwe huko. Ukurasa hujipanga upya kwenye skrini ndogo, hukuzwa bila kukatika, na hurekebishwa kwa urahisi.

## Usalama je? Hatuwezi kuondoa namba za uthibitisho na majaribio ya «mimi si roboti».

Hamhitaji kuondoa usalama. Kinachotakiwa ni kwamba kuingia kusitegemee uwezo wa kukumbuka, kunakili au kutatua fumbo peke yake. Ruhusuni nenosiri libandikwe na programu za kutunza manenosiri zifanye kazi. Tovuti zinazozuia kubandika kwa jina la usalama huwasukuma watu watumie manenosiri mepesi. Jaribio la kusoma herufi zilizopindishwa humfungia nje asiyeona, na mbadala wake wa sauti humfungia nje mtu asiyeona ambaye pia ni kiziwi. Namba inayotumwa kwa simu na kuisha muda baada ya sekunde 30 haimtoshi mtu anayehitaji kufungua ujumbe, kuusikiliza, kurudi na kuandika tarakimu moja moja. Kama muda unaweza kuisha, mtumiaji aonywe na apewe angalau sekunde 20 za kuuongeza kwa kitendo rahisi.

## Tumeuziwa programu inayobandikwa juu ya tovuti na kuifanya iwe fikivu papo hapo. Inafaa?

Hapana. Programu hizo, zinazoonyesha kialama cha mtu pembeni mwa skrini, haziwezi kujua kitufe kisicho na jina kilikusudiwa kufanya nini, wala kupanga upya fomu iliyovurugika. Watumiaji wengi wa visoma skrini huzilalamikia kwa sababu zinaingilia mipangilio waliyokwisha kuizoea kwenye vifaa vyao. Januari 2025 Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza kuwa kampuni mojawapo inayouza bidhaa za namna hiyo ingelipa dola milioni 1 za Marekani kuhusiana na madai yake kwamba inaweza kuifanya tovuti yoyote itimize WCAG. Fedha hizo tumieni kurekebisha msimbo wenyewe.

## Je, kukagua kwa programu kunatosha?

Zana kama axe, WAVE na Lighthouse ni nzuri na ni vyema ziendeshwe kila mara msimbo unapobadilika. Zinaweza kusema kwamba picha ina maelezo. Haziwezi kusema kama maelezo hayo ni ya kweli. Kwa hiyo ongezeni jaribio la kibodi, jaribio la kukuza ukurasa hadi asilimia 400, na jaribio la kisoma skrini.

Zaidi ya hayo, waiteni watu wenye ulemavu wenyewe, muwalipe kama mnavyomlipa mtaalamu mwingine yeyote, na muwaite mapema, michoro ikiwa bado inaweza kubadilishwa. Mara nyingi huitwa wiki ya mwisho ili «wabariki» kazi iliyokwisha, na maoni yao huandikwa kwenye orodha isiyofunguliwa tena. Mwapo nao, msiwaelekeze. Kaeni kimya, mtazame wanapokwama, na muulize baadaye walikuwa wakitarajia nini. Mtu mmoja asiyeona hawakilishi wasioona wote, sembuse viziwi, kwa hiyo tafuteni watu wa hali mbalimbali na wa uzoefu tofauti.

## Je, tovuti fikivu itakuwa ghali na yenye sura mbaya?

Ikipangwa tangu mwanzo, gharama ya ziada ni ndogo, kwa kuwa kuandika button badala ya div hakugharimu chochote. Gharama kubwa hutokea pale kosa moja lililomo kwenye kiolezo limenakiliwa katika kurasa elfu kabla ya kugunduliwa. Katika zabuni na mikataba, andikeni wazi kwamba kazi itapokelewa ikiwa imetimiza WCAG 2.2 ngazi ya AA, na kwamba mkandarasi atarekebisha makosa kwa gharama zake. Kuhusu sura, karibu kila sharti la ngazi ya AA linahusu mambo ambayo msanifu mzuri angeyafanya hata bila kuambiwa.

## Mimi ni mtumiaji mwenye ulemavu na nimekwama kwenye tovuti. Nilalamike vipi ili nisikilizwe?

Taja anwani ya ukurasa, ulichokuwa ukijaribu kufanya, kilichotokea, na kifaa, kivinjari na programu saidizi ulizotumia pamoja na matoleo yake. Malalamiko ya namna hiyo humwezesha fundi kurudia hatua zako na kuliona kosa. Tunza nakala na tarehe, maana ukihitaji kwenda kwenye mamlaka ya juu zaidi zitakuwa ushahidi wako. Huna wajibu wa kueleza historia ya ugonjwa wako, wala huombi hisani.

Kwa upande wa wenye tovuti, wekeni anwani ya barua pepe na namba ya simu mahali panapopatikana kwa urahisi kwenye kila ukurasa, na msimtake anayelalamikia fomu mbovu apitie fomu hiyo hiyo. Anayepokea malalamiko ajibu kwa kutaja tarehe ya marekebisho na njia ya muda ya kupata huduma, na siku hiyo ikifika amwombe aliyelalamika ajaribu tena hatua ile ile iliyomkwamisha, kabla ya kulifunga suala.